Mtoto wa Jicho

Picha ya kwanza imefika saa tisa usiku,
ya kijivu, ina michirizi, nusu yake haijaja.
Wiebke Osterloh ameshika kahawa iliyopoa
katika chumba kisicho na dirisha, mjini Darmstadt.
Huko nje, anajua kwa kukumbuka tu,
theluji inaangukia reli za tramu.

Habari hii imesafiri saa moja na dakika ishirini
kutoka Zohali. Ilipoanza safari
yeye alikuwa akimenya yai.
Basi anachokitazama kimekwisha kupita,
kama salamu za mtu aliyekwisha kuhama.

Mwezi Titani: duara lisilo na uso.
Ukungu umelalia ukungu.
Rangi ya chungwa, husema vitabu,
lakini kamera haijui chungwa,
kamera huhesabu. Rangi
tunaipaka sisi, baadaye, mchana,
tukiwa tumelala vya kutosha na tunabishana.

Ukingoni tu, duara linapoishia gizani,
pana utando mwembamba uliojitenga na mwingine,
kama ngozi ya maziwa yaliyochemka
ikinyanyuliwa kwa ncha ya kijiko.
Anaupima unene wake. Anaandika namba.
Anafuta.
Anaandika ileile.

Juzi alimpeleka mama yake hospitali.
Maradhi yale, Wajerumani huyaita kwa jina
ambalo ukilisikia vibaya ni ndege wa kijivu.
Kwetu ni mtoto wa jicho,
na sijui nani alikuwa wa kwanza kulisema,
kwamba jicho nalo huchukua mimba,
likazaa wingu, likalilea
hadi wingu likamfunika mzazi wake.

Dakika kumi na tano, alisema daktari.
Mtoto wa jicho akaondolewa.
Akabaki mtoto wa tumbo,
amekaa kwenye kiti cha plastiki na koti la mama mapajani.
Bandeji ilipofunguliwa, bibi Roswitha,
aliyeuza mikate miaka thelathini na minane
na kuijua iliyoiva kwa kuigonga mgongo,
alimtazama bintiye kwa muda mrefu.
Hakusema asante. Alisema:
"Wiebke. Umezeeka lini?"

Saa kumi na robo. Picha ya pili,
ya wimbi lile refu ambalo macho yetu hayalipati
nao ukungu hauna habari nalo: linapita
kama harufu ya mkate chini ya mlango.
Na sasa kuna nchi.
Matuta meusi, marefu, sambamba,
kana kwamba mtu amepitisha kitana.
Ziwa la gesi iliyopoa hata ikatiririka.
Pwani yenye meno. Mkondo
uliochimbwa na mvua
ambayo hakuna aliyewahi kuikimbia na nguo za kuanua.

Pankraz wa meza ya pili amesimama nyuma yake,
anatafuna kalamu, hasemi kitu.
Hata mashine zimetulia. Au ni masikio.

Alfajiri simu inalia. Mama:
mapazia ya jikoni ni meupe, kumbe,
miaka yote hii aliyaona ya manjano,
na dari ina doa, nani alilificha,
na lini watakuja kupaka rangi?
Halafu, kwa sauti ya chini: "Huko kwako, umeona nini?"
"Matuta, mama. Ziwa."
"Na watu?"
"Hakuna."
"Basi unamwangalilia nani?"

Wiebke anafungua mdomo,
na kabla jibu halijapatikana
nusu iliyobaki ya picha ya kwanza inafika,
imechelewa, mstari baada ya mstari,
na ndani yake hamna mwezi wala ukungu:
giza tu, giza safi.
"Subiri kidogo, mama," anasema,
anaiweka simu juu ya meza bila kuikata,
na giza nalo
analipima.